Kasula ya Clovis na Kompyuta Iliyotoka Matanga

Wiki iliyopita tulimwacha Katungu amekaa mbele ya kompyuta yake, mikono kichwani, na tangu siku hiyo simu yangu haina raha. Msomaji mmoja wa Mangobo ameniandikia eti mimi ni mtu mbaya, namtesa dada wa watu bure. Mimi? Anayemtesa ni mimi au ni ile kompyuta? Hebu tusikilizane kwanza.

Kwa aliyechelewa kufika: Katungu ni binti wa Kinande kutoka Butembo. Alikuja Kisangani kumsaidia mjomba wake muuza vitambaa, kisha akafungua chumba chake mwenyewe nyuma ya soko kuu. Anadarizi. Si kwa mkono, la. Ana cherehani inayoongozwa na kompyuta: mchoro unatengenezwa ndani ya programu, programu inautuma kwa cherehani, na sindano inashona yenyewe huku yeye akibadilisha nyuzi. Programu isipokuwepo, ile cherehani ni chuma cha kuwekea vikombe.

Ana mchumba pia, Basile, mtoto wa wavuvi wa Wagenia kule kwenye maporomoko. Basile ana mdogo wake, Clovis, ambaye kesho Jumapili anapewa upadri. Na wote wawili wana mama yao, Mama Lucie, ambaye ukimwona sokoni unampisha hata kama wewe ndiye uliyefika wa kwanza.

Mama Lucie hakumtaka Katungu. Alimwita "ule Munande wa Basile", jina lake halimtoki mdomoni. Mpaka siku alipoona mchoro aliouchora Katungu: ule mtego mkubwa wa samaki wa Wagenia, umening'inia kwenye nguzo zake, maji yanapita chini kwa hasira. Mama aliutazama mpaka macho yakamlowa. Halafu akasimama mbele ya ukoo mzima, akasema:

"Chasuble ya Clovis itatoka kwa mikono ya bokilo yangu."

Bokilo! Mkwe! Katungu aliposikia neno hilo alificha uso kwenye pagne yake ya kitenge akalia kama mtoto.

Basi mjue mambo yalivyo. Kesho ile kasula, yaani chasuble, vazi la padri la misa, ikivaliwa na Clovis mbele ya parokia yote, Katungu ameingia katika familia kwa mlango wa mbele. Isipovaliwa, anarudi kuwa ule Munande, na safari hii hatatoka tena.

Sasa matanga. Tante, shangazi wa Basile, alifariki, familia ikaomba kompyuta ya Katungu ipige nyimbo za msiba. Nani hapa kwetu atakataa kukopesha kitu kwa matanga? Viti vinatoka, sufuria zinatoka, baffle ya muziki inatoka, na kompyuta ya kazi ikatoka nayo, ikapokelewa na Sophie, kiongozi wa chorale, yaani kwaya, yule mwenye sauti ambayo hata walevi wanaiheshimu. Sophie akaipa intaneti ya simu yake ili atafute nyimbo. Na kompyuta, masikini, tangu ifike Kisangani haijawahi kuona intaneti nzuri namna ile. Ikanywa. Ikanywa mpaka ikajivalisha mfumo mpya kutoka kichwani mpaka miguuni.

Ikarudi kwa Katungu inanuka moshi wa kuni, ina sura mpya, na ya ndani hayaonekani. Programu ya kudarizi haipo. Mchoro wa mtego haupo. Hapo ndipo mlipoanza kunitukana.

Haya, tuendelee. Ni Jumamosi asubuhi.

"Ya Katungu, bonjour. Mugonjwa iko wapi?"

Aliyeingia ni Sylvain, fundi wa kompyuta, kijana mwenye begi kubwa na haraka kubwa zaidi, anayemwita Katungu "Ya", dada mkubwa, kwa heshima. Jana alikuja, akaahidi kwamba leo itapona.

"Mugonjwa ni mimi," Katungu akasema. "Ule ordinateur iko muzima, inanicheka tu."

Sylvain akavuta kiti. Akaiwasha, na kabla skrini haijamaliza kuamka akabonyeza Enter, pa! kama alivyobonyeza jana, kama alivyobonyeza Katungu mwenyewe tangu kompyuta itoke matanga. Skrini ikafunguka. Picha ya maua. Alama za nyimbo. Basi.

"Bon. Tutafute."

Akaandika jina la programu pale pa kutafutia. Kompyuta ikafikiri, ikajibu kwamba haijui kitu kama hicho.

"Andika tena."

Akaandika tena. Haijui.

"Tuingie kwa disque." Akafungua huku, akafungua kule, vidole vinakimbia. "Hapa hakuna. Hapa hakuna. Hapa iko... non, ni wimbo. Hapa hakuna."

"Mafaili yangu?"

"Documents iko bure, Ya Katungu. Hakuna hata kimoja."

"Sylvain, mi nilikuwa na kazi ya miezi ndani ya hii kitu! Ba-uniforme ya masomo, ba-nappe ya meza za harusi, mtego wa Mama Lucie! Vinaenda wapi?"

Sylvain akajikuna shingo. "Ni mise à jour, ule mfumo mupya. Imekula."

"Imekula je? Ordinateur iko na meno?"

"Inatokeaka. Mfumo mupya ukiona programme ya zamani, unaitupa."

Katungu akamtazama. Alitamani kumtupa yeye, na begi lake, na ule mfumo mpya, wote pamoja mtoni. Lakini alikuwa hana fundi mwingine.

"Alors tufanye nini?"

"Tuirudishe nyuma. Kuko njia ya kuirudisha kwa mfumo wa zamani. Mara moja tu."

Ile mara moja, wapendwa, msiniulize ilikuwa ya namna gani. Kompyuta ilizunguka. Ikaweka kiduara kinachozunguka na chenyewe kikazunguka. Katungu alifagia chumba, akapanga nyuzi za dhahabu, akazipangua, akazipanga tena. Kasula yenyewe ilikuwa pale kwenye cherehani, nyeupe, imekazwa kwenye fremu yake, inangoja tu sindano ishuke. Mwishowe kompyuta ikaandika kwamba haiwezi kurudi nyuma. Nafasi haitoshi.

"Ilikuwa wapi kusema hivyo mwanzoni?" Katungu akafoka.

"Njo vile inasemaka, mwishoni."

Wakampigia simu yule mtu wa Butembo aliyeuza cherehani. Alipokea huku anatafuna. Katungu akaeleza, akaeleza tena, sauti inapanda. Yule mtu akameza.

"Ile programme? Ile ilikuwa ndani tu, mama. Niliikuta ndani. Sina mbegu yake."

"Sasa mi nifanye nini?"

"Si ununue machine ingine?"

Katungu akakata simu. Akaiweka mezani taratibu sana, kwa sababu kama asingeiweka taratibu angeipasua ukutani.

Haikukaa kimya hata kidogo. Ikalia. Mama Lucie.

"Bokilo! Inaendelea muzuri?"

Katungu akamwangalia Sylvain. Sylvain akaangalia dari.

"Iko inaenda, mama."

"Clovis anauliza kama anaweza kuja kuijaribu jioni."

"Hapana! Eeh... mama, kumuvalisha mbele ya siku, si muzuri. Angojee kesho."

"Njo vile. Uko na akili, mutoto wangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

Hajala. Tangu jana hajala. Uongo mara mbili katika simu moja, na wote kwa mama mkwe. Machozi yakamjia, akayafuta kwa kipande cha kitambaa.

Simu ikalia tena. Safari hii Basile.

"Chérie, ule Sylvain anasema nini?"

"Anasema imekula."

"Ah non. Non, non, non. Katungu, askofu anakuja. Ba-famille yote wa Basoko wamefika kwa maji na baleinière. Mi nitaonekana je mbele ya watu?"

"Basile, mi nalia hapa."

"Usilie, shona! Kama inashindikana kwa machine, fanya hata kwa mukono."

Mtego mzima wa Wagenia, nguzo na maji, kwa mkono, mpaka kesho asubuhi! Mwanaume huyu amewahi kushika sindano kweli? Na tena, mlisikia nilichosikia? Mtu anaambiwa mchumba wake analia, na yeye anauliza ataonekana je. Katungu hakulisikia hilo. Alisikia tu kwamba Basile ana wasiwasi, na akaongeza wasiwasi wa Basile juu ya wake.

"Sylvain. Niambie kweli. Kimebaki nini?"

Sylvain akavuta pumzi. "Tuformate."

"Maana yake?"

"Tunafuta yote. Kila kitu. Tunaweka mfumo wa zamani, mi niko na rafiki mwenye programme ya broderie, si kama yako lakini inafanana. Tunaanza mupya."

"Na mtego wangu?"

"Utachora ingine."

"Ile ya chasuble nilichora upya na Mama Lucie amekaa pembeni yangu! Alinionyesha kila nguzo, kila kamba, vile papa yake alikuwa anafunga! Nitaichora wapi leo?"

"Ya Katungu," Sylvain akasema polepole, "si imeshapotea? Kuformater kitu chenye kimepotea, unapoteza nini?"

Hapo alimweza. Katungu akainuka, akaigusa ile kasula nyeupe, akatazama dirishani. Kule nje muuza mihogo anacheka na mteja wake kama dunia haina shida.

"Fanya," akasema.

Sylvain akachomeka flash yake. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Skrini ikauliza: una hakika? Vyote vitafutika. Sylvain akamtazama Katungu. Katungu akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Kidole cha Sylvain kikanyanyuka.

Pap! Courant ikakatika.

Kompyuta ikazimika. Betri yake ilishakufa zamani, bila umeme wa ukutani haiwezi hata kupiga chafya. Feni ikasimama. Mtaa mzima ukalalamika kwa sauti moja: "Aaaah!"

"Ona ule bahati yangu!" Katungu akapiga meza. "Hata kufuta kunanishinda! Hata kuharibu siwezi!"

Sylvain akachomoa flash yake, akafunga begi. "Mi naenda kukula lituma. Courant ikirudi, unaniita."

"Ikirudi saa ngapi?"

"Mi ni courant?"

Akaondoka. Katungu akabaki peke yake na chuma cha kuwekea vikombe.

Akalaza kichwa juu ya meza. Alikumbuka siku ya kwanza alipokwenda kwa kina Basile, jinsi alivyopewa kiti cha karibu na mlango, na jinsi mazungumzo yote yalivyogeuka Lingala ghafla. Alikumbuka jinsi kiti kilivyosogezwa ndani siku ya mchoro. Kiti kinasogezwa kwa kazi ya mikono, na kazi yenyewe imeliwa na mashine. Akasonya. Akasonya tena, kwa nguvu zaidi.

Umeme ulirudi bila kuaga kama ulivyoondoka. Feni ikaanza kulia. Katungu akanyoosha mkono kwenye simu amwite Sylvain, lakini kwanza akaiwasha kompyuta, ili fundi asije akaanza tena kungoja. Kidole chake kikaenda kwenye Enter kwa mazoea.

Kikasimama njiani. Si kwa akili, tusimpe sifa asiyostahili. Uzi wa dhahabu ulikuwa umemzunguka kidole, naye akashughulika kuufungua asije akaukata. Na kwa sababu hakubonyeza, skrini ikakaa pale ilipo, imetulia, na Katungu kwa mara ya kwanza akaisoma.

Katikati, kwa herufi kubwa: CHORALE.

Kule chini, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo ndogo: Katungu.

"Yezu wangu!"

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Katungu. Ni jina lake! Limekaa pembeni limejikunyata kama mgeni kwa matanga ya watu.

Akalibonyeza. Ikaomba neno la siri. Akaandika lile lile la siku zote, akakosea, akaandika tena.

Skrini ikafunguka, na mama yake mzazi akamtazama kutoka Butembo, kwenye ile picha ya zamani, na kando yake programu ya kudarizi, na uniforme za shule, na nappe za harusi, na mtego wa Wagenia. Vyote. Hakuna hata kimoja kilichokosekana.

Katungu alipiga vigelegele peke yake mpaka muuza mihogo akachungulia.

Mmeelewa kilichotokea? Ni kama parcelle moja, kiwanja cha nyumba, yenye milango miwili. Sophie, kule matangani, aliogopa wanakwaya wasichezee kazi ya mwenyewe, akafungua chumba cha chorale ndani ya ile kompyuta, bila neno la siri ili kila mtu aingie. Jambo la heshima, tuseme ukweli. Kompyuta ilipovaa mfumo mpya, ikawa inasimama mbele ya mlango uliofunguliwa mwisho. Na hawa wawili, kila siku, wanasukuma mlango wa kwanza bila kusoma, wanaingia kwa jirani, wanalia kwamba sufuria zao zimeibiwa! Na yule fundi na flash yake alikuwa anataka kuchoma parcelle nzima!

Katungu akampigia.

"Sylvain, usirudi."

"Courant imerudi?"

"Imerudi. Kula tu lituma yako muzuri. Ongeza samaki."

Akafungua programu. Ikafunguka. Akafungua mtego. Ukatokea na nguzo zake zote. Akabonyeza ili utumwe kwa cherehani, na hapo, kwa sababu Katungu hakuumbwa kupata raha mchana kutwa, kompyuta ikaandika: nafasi haitoshi.

"Bado? Bado unanitafuta?"

Lakini sasa hakuogopa. Alijua mzigo ni wa nani. Chorale ilikuwa inajirekodi kule matangani, nyimbo juu ya nyimbo, na sauti zinakula nafasi. Ahamishie zile nyimbo kwenye flash yake mwenyewe, ampe Sophie, chumba kipumue. Akarudi kwenye mlango wa chorale, akaanza kuhamisha. Akasikiliza kila moja kidogo, asije akachanganya nyimbo za kesho na za msiba. Nzuri, akahamisha. Nzuri, akahamisha. Sauti ya Sophie ikajaza chumba, na Katungu, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaimba naye.

Ikabaki moja, ndefu kuliko zote. Akaifungua. Wimbo ukaisha, watu wakasema amina, lakini rekodi ikaendelea, maana hakuna aliyekumbuka kuizima. Viti vinaburutwa. Mtu anakohoa. Katungu akanyoosha mkono aifunge.

"Mama, tuongee polepole."

Hakuifunga. Ni sauti ya Basile.

"Tuongee nini?" Mama Lucie huyo.

"Papa ya Sophie amekubali nimuoe. Tutaenda kujionyesha kiisha messe ya Clovis."

"Basile. Na Katungu?"

"Wacha amalize kwanza chasuble. Nitamuambia nyuma."

 Kiti kikaburutwa.

"Utamuambia nyuma? Mutoto wa watu anachora usiku na muchana, anajua atashonea shemeji yake, na wewe unangojea amalize?"

"Mama, nani mwingine Kisangani iko na ile machine? Nikimuambia leo, Clovis atavaa nini?"

"Mi sipendi hii maneno."

"Nitamuambia, mama. Kiisha messe. Ninaapa."

"Muambie. La sivyo mi mwenyewe..."

Rekodi ikakatika.

Katungu alikaa. Hakulia. Alikuwa amelia machozi yote juu ya programu, hakubakiza ya kazi hii. Akairudisha, akasikiliza tena. Labda alisikia vibaya. Hakusikia vibaya. Lile "nani mwingine iko na ile machine" lilimkata pale pale mara ya pili kama mara ya kwanza.

Kwa hiyo yule aliyekuwa akimwogopa ndiye aliyemtetea. Na yule aliyekuwa akimlilia ndiye aliyempangia siku ya kutupwa.

Mlango ukasukumwa.

"Bokilo! Nilijua hujakula, sauti yako ilikuwa ya njaa." Mama Lucie, kitambaa kichwani, liboke ya samaki mkononi, majani bado yanafuka moshi. Akaiona kasula nyeupe, haina hata uzi mmoja. "Eh! Bado?"

"Ordinateur ilipotea akili, mama. Sasa yote imepatikana."

"Mungu asifiwe! Alors, shona! Unangoja nini?"

"Kaa kwanza, mama. Sikiliza kitu."

Na akabonyeza.

Mama Lucie aliisikiliza sauti ya mwanawe, kisha sauti yake mwenyewe, amesimama, liboke mkononi. Ilipofika pale "mi sipendi hii maneno" akaiweka chini kwenye kiti, taratibu.

"Mi nilimuambia akuambie," akasema.

"Nimesikia, mama. Asante."

"Nilimungojea."

"Ulimungojea mupaka lini? Mupaka chasuble iishe?"

Mama Lucie, mwanamke ambaye soko zima linampisha, akainamisha macho. 

Nje pikipiki ikasimama. Basile akapiga hodi huku anaita: "Chérie! Sylvain anasema imepona? Nimekuja kuona!"

Katungu akainuka. Mama Lucie akamwahi. Akaufikia mlango, akaufunga kwa ufunguo.

"Basile," akasema kwa sauti ya sokoni, "chasuble haijaanza."

"Mama? Juu ya nini?"

"Juu ya ile ulisema kwa matanga. Chorale ilikuwa inarekodi. Tumesikia wote wawili."

 Muuza mihogo akamwacha mteja wake, akasikiliza.

"Sema mbele yake," Mama Lucie akaendelea. "Hapa, sasa, nikiwa nasikia. Ukisema kweli, utakuwa mwanaume, hata kama ni kweli mubaya. Sema, kiisha nafungua."

Katungu alisubiri. Nitawaambia kitu ambacho yeye hatakiri kamwe: alisubiri kwa matumaini. Neno moja tu. Hata uongo angeupokea, hata "mama, nilikosea".

Badala ya neno, ikasikika pikipiki inawashwa. Ikaunguruma, ikageuka, ikaenda zake kuelekea mtoni, na sauti yake ikapungua mpaka ikachanganyika na kelele za soko.

Mama Lucie aliegemea mlango. Alionekana mzee ghafla. Halafu akajikaza, akavuta kiti karibu na cherehani, akachukua mkasi wa nyuzi na kibobini cha dhahabu, kama mtu anayejiandaa kusaidia.

"Anza, mutoto wangu. Clovis hakufanya kosa. Kesho ni siku yake."

Katungu akarudi kwenye kompyuta. Akaingia kwa mlango wake mwenyewe. Mtego ukatokea, nguzo, kamba, maji. Nafasi sasa inatosha. Cherehani ikawaka taa yake ya kijani, sindano ikajipanga juu ya kitambaa cheupe. Kilichobaki ni kubonyeza tu, kile alichokililia tangu kompyuta irudi.

Kidole chake kikafika pale, kikakaa.

"Mama," akasema, bila kugeuka. "Nikiishona hii nguo sasa, ninaishona kama nani wenu?"

Mama Lucie akaweka mkasi chini. Jibu lake, wapendwa, ni la wiki ijayo.